Kibandiko cha Perkins

Siku ya kwanza karakanani, Agosti 2023, mwalimu alinipa kibanda namba sita. Pazia la plastiki la rangi ya chungwa, meza ya chuma yenye madonge ya weldi za wanafunzi waliopita, bomba la kufyonza moshi, na mashine ya kuchomelea kwa waya ambayo bado ilikuwa inanukia upya. Ubavuni mwake, chini ya jina la walioiunda, palikuwa na kibandiko kidogo cha rangi ya fedha chenye namba na neno moja tu: PERKINS.

Neno hilo nalijua tangu utotoni. Ukikulia Kigoma, Perkins ni injini. Ni jenereta ya mwenye duka, ni trekta la Massey Ferguson linalopanda mlima huku likitoa moshi mweusi. Nikamuuliza mwalimu kama ndani ya mashine hii kuna injini ya Perkins. Akavua glovu, akakigusa kile kibandiko kwa kidole, akasema, "Huyu alikuwa mbunge. Mtu wa hapa Kentucky. Mashine imenunuliwa kwa hela ya sheria yenye jina lake, na kibandiko ni ili wakaguzi wakija waione."

Nilirudi nyumbani na swali. Mbunge wa milimani huko mashariki ya Kentucky ananinunuliaje mashine ya kuchomelea mimi, Mbembe wa Fizi, Kongo, niliyelelewa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma? Nimelitafutia jibu kwa muda wote niliokuwa chuoni, na leo naliandika, kwa sababu kila Jumapili baada ya ibada nawasikia ndugu zangu hapa Louisville wakiambiana mambo yasiyo kweli, na yanawagharimu.

La kwanza wanaloambiana ni kwamba Pell, ile hela ya serikali ya kusomea, ni deni.

Najua lilikotoka. Binamu yangu alipofika nchi hii alitaka kuendesha malori. Akaenda shule moja ya binafsi, kozi ya wiki chache, akapewa makaratasi, akasaini. Alikuwa na miezi saba tu Marekani na Kiingereza chake kilikuwa cha salamu. Alisikia kwamba atasaidiwa kulipa. Kumbe ulikuwa mkopo wenye riba, na alikuja kujua siku barua ya kudai ilipoingia kwenye sanduku la posta. Aliulipa miaka. Tangu hapo, katika ukoo wetu ukitaja msaada wa masomo, wazee wananyamaza na kina mama wanabadilisha mazungumzo. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Lakini Pell ni kitu kingine kabisa. Ni ruzuku ya serikali kuu ya Marekani kwa mwanafunzi wa kipato cha chini, ilianzishwa 1972, na tangu 1980 inaitwa kwa jina la seneta Claiborne Pell wa Rhode Island. Hairudishwi. Kiasi unachopata kinategemea kipato chenu, ukubwa wa familia, na masomo uliyoandikisha muhula huo. Mwaka wangu wa kwanza, 2023 hadi 2024, kiwango cha juu kilikuwa dola 7,395, na miaka miwili iliyofuata kikabaki hapo hapo. Ada ya chuo cha jamii hapa Kentucky kwa mwaka iko chini ya kiwango hicho. Maana yake, kwa familia yenye kipato kama chetu, Pell inalipa ada yote na kinachobaki chuo kinakupa mkononi. Mimi kilichobaki nilinunulia buti zenye chuma mbele na matairi mawili ya gari, maana masomo yangu yalikuwa ya jioni na wakati wa kutoka basi halikuwepo.

Si lazima uwe raia. Mwenye kadi ya kijani anastahili, na mkimbizi na aliyepewa hifadhi wanastahili kwa hati zao. Mimi nilijaza kwa karatasi ya I-94, ile ya kuingilia nchini.

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu ndipo watu wetu wanapoteleza. Fomu ni moja, inaitwa FAFSA, na fomu hiyo hiyo ndiyo inayofungua mlango wa Pell na mlango wa mikopo ya serikali. Chuo kikishaipokea kinakuandikia barua moja. Juu utaona Pell. Chini yake utaona maneno "Direct Loan", pengine mara mbili, kila moja na kiasi chake, yamepangwa vizuri kana kwamba yote ni zawadi. Neno "loan" ni deni. Una haki ya kukubali Pell na kukataa mkopo, mstari kwa mstari. Mimi nilikataa mikopo yote miwili, na hakuna aliyenipunguzia Pell kwa sababu hiyo. Kuna mtu mkopo utamfaa, simkatazi. Ninachotaka ni asaini akijua.

Kujaza fomu kwenyewe kulinichukua usiku tatu. Namba ya hifadhi ya jamii ilikataa kuoana na jina langu, kwa sababu aliyeniandikisha kambini alitanguliza jina la baba, na aliyeandika kadi huku akalitanguliza la kwangu. Tarehe za kuzaliwa ni shida nyingine. Nyumbani kwetu watu wanne tumezaliwa tarehe 1 Januari, kama familia nyingi mnazozijua, maana asiyekuwa na cheti alipewa tarehe hiyo. Kompyuta haijali historia ya mtu. Ukiandika jina tofauti na lililo kwenye kadi, hata kwa herufi moja, inakurudisha mwanzo. Basi toeni kadi, iwekeni mezani, andikeni kama ilivyo, hata kama imekosewa. Kulisahihisha jina ni safari nyingine ya siku nyingine.

Na kwa vijana: kama hujafika miaka 24, hujaoa wala kuolewa, na huna mtoto unayemtunza, kwa kawaida fomu itamtaka mzazi wako naye aingie aruhusu taarifa zake za kodi zichukuliwe. Hapa ndipo nimeshuhudia ugomvi majumbani. Baba anauliza, "Chuo kinataka mshahara wangu wa nini?" Baba zangu, naomba muelewe. Hawaji kuuchukua. Wanautazama ili wajue ni mdogo kiasi gani, na mdogo ndio unaomletea mtoto Pell kubwa.

Nirudi kwa mbunge.

Carl Perkins alitoka Hindman, kaunti ya Knott, kwenye milima ya makaa ya mawe. Alikaa bungeni Washington tangu 1949 hadi alipofariki Agosti 1984, na kuanzia 1967 alikuwa mwenyekiti wa kamati ya elimu na kazi. Marekani ilikuwa inatoa hela za ufundi tangu zamani, tangu sheria ya 1917 iliyosaidia shule kufundisha kilimo, ufundi wa viwandani na kazi za nyumbani. Perkins ndiye aliyeusukuma mswada mkubwa wa ufundi wa 1963. Miezi michache baada ya kufa kwake, sheria mpya ya ufundi ikapewa jina lake, na imefanyiwa marekebisho mara kadhaa. Inayotumika sasa ilisainiwa tarehe 31 Julai 2018, watu wa vyuoni wanaiita Perkins ya tano. Hela yake ni kama dola bilioni 1.4 kwa mwaka kwa nchi nzima.

Hela hiyo haiji mfukoni mwako. Inashuka kutoka Washington hadi jimboni, na jimbo linatakiwa kupeleka angalau asilimia 85 chini, kwa sekondari na vyuo. Kila jimbo linaamua lenyewe sekondari zipate kiasi gani na vyuo kiasi gani. Na upande wa vyuo, kila chuo kinapataje fungu lake? Hapa mshauri wa masomo aliponieleza, nilimwomba arudie.

Wanahesabu wanafunzi wa Pell. Chuo kinapata fungu kulingana na idadi ya wanafunzi wake walio kwenye masomo ya ufundi na waliopokea Pell mwaka uliotangulia, pamoja na wanafunzi Wahindi Wekundu, wenyeji wa asili wa Marekani, wanaosaidiwa na idara yao ya serikali, ukilinganisha na idadi ya jimbo zima. Wengi kwako, fungu kubwa. Wachache, fungu dogo.

Aliyeishi Nyarugusu haelezwi jambo hili mara mbili. Tulikuwa tunahesabiwa. Siku ya kuhakikiwa mnaamka alfajiri, mama anawaogesha wote, mnapanga mstari na kadi ya mgao, na mtoto aliyekwenda kuchota maji akikosekana, ni kichwa kimoja kimepungua kwenye unga, maharage, mafuta na chumvi. Mama yangu alikuwa akitushika mikono tusitoroke, wawili huku, wawili huku, na mgongoni mmoja. Hakutuhesabisha kwa ajili yake peke yake. Sufuria lilikuwa moja.

Ndivyo ilivyo hapa. Kijana wa kwetu anayestahili Pell, akaogopa fomu, akajilipia kozi ya kuchomelea kwa hela ya zamu za usiku ghalani, amejiumiza yeye, na chuo nacho hakikumhesabu. Mwaka unaofuata wanagawa hela ya mashine na yeye hayumo kwenye hesabu, ingawa alikuwa amesimama pale pale kwenye kibanda, anatoa jasho pale pale. Mtaa mzima wa watu wenye kipato cha chini unaweza kusoma chuo fulani na chuo kikaonekana kama hakina maskini. Hili ndilo lililonifanya nianze kusumbua watu kanisani.

Na mashine sio kitu kidogo. Shemeji yangu alijifunza kuchomelea pembeni ya barabara Kasulu, akiwa na miwani ya jua na kandambili. Jioni alikuwa analala na kitambaa chenye maji machoni, na mama mkwe anamkamulia maziwa ya mtu aliyejifungua, kwa sababu ndiyo dawa waliyoijua. Alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu. Alichokosa ni kofia yenye kioo kinachojizima chenyewe mwanga unapowaka. Chuoni kwetu kulikuwa na kabati zima la kofia hizo, koti za ngozi na glovu za kuazima, kila kimoja na namba yake, unasaini mwanzo wa muhula na kurudisha mwisho. Nalo kabati lina kibandiko kile kile.

Darasa letu lilikuwa na watu kumi na wanne, mwanamke mimi peke yangu. Sheria ya Perkins ina orodha ya watu ambao chuo lazima kiwaangalie kwa namna ya pekee: wenye kipato cha chini, wenye ulemavu, wanaojifunza Kiingereza, wazazi wanaolea peke yao, wasio na makazi, vijana waliotoka malezi ya serikali, na wengine. Yumo pia anayejiandaa kwa kazi ambayo watu wa jinsia yake hawafiki robo ya wafanyakazi wake. Mwanamke wa kuchomelea yumo. Mwanaume wa uuguzi yumo. Nilijikuta kwenye orodha kwa sababu tatu. Sheria inaruhusu chuo kitumie sehemu ya hela hizo kuwapunguzia watu wa orodha gharama za mfukoni mwao, kama nauli na ulezi wa watoto. Inaruhusu, hailazimishi. Ndiyo maana inabidi uulize. Mimi niliuliza, nikapata kadi za mafuta ya gari kwa muhula mmoja.

Kila miaka miwili chuo kinatakiwa kukaa na kuangalia mahitaji ya eneo lake kabla ya kupanga matumizi, na kuwashirikisha waajiri, walimu, wanafunzi na watu wa orodha ile. Nilialikwa kwenye kikao kimoja. Meza ndefu, kahawa, watu wa viwanda wenye vitambulisho shingoni. Nilikuwa na koti la kazi bado, linanuka moshi. Waliponiuliza, nikasema tu ninachokijua: darasa linaisha saa nne usiku, basi la mwisho limeshapita, na kina mama watatu ninaowajua wameacha chuo kwa sababu hiyo, sio kwa sababu ya hesabu wala Kiingereza. Mtu mmoja wa kiwanda aliandika. Muhula uliofuata darasa lilianza mapema kwa saa nzima. Sijui kama ni kwa ajili ya maneno yangu, lakini yule mmoja wa wale kina mama amerudi.

Kuna vyungu vingine vya hela, nivitaje haraka. WIOA ni sheria ya 2014 ya kuwasaidia watu kupata mafunzo na ajira. Hela yake ipo kwenye ofisi za ajira, ambazo hapa kwetu zinaitwa Kentucky Career Center. Inaweza kulipia mafunzo, vifaa, hata ada ya mtihani, ila kozi lazima iwe kwenye orodha yao iliyoidhinishwa, na uende ukaonane na mshauri wao kabla hujajiandikisha. Ukienda umeshaanza, umechelewa. Watataka pia kujua kama umeomba Pell, kwa sababu hela yao inakuja pale ruzuku nyingine zilipokosekana au hazikutosha. Sheria hiyo hiyo ndiyo inayolipia madarasa ya bure ya Kiingereza ya watu wazima, yale ambayo wengi wetu tumepitia bila kujua nani analipa.

Jimbo nalo lina Work Ready Kentucky Scholarship, kwa vyeti na diploma za kazi zinazohitajika: afya, viwanda, ujenzi, usafirishaji, na biashara na kompyuta. Hiyo inaziba ada iliyobaki baada ya ruzuku nyingine. Nayo inaanza na FAFSA. Kila njia inapita hapo.

Asiye na cheti cha sekondari asikate tamaa. Kuna mlango unaitwa "Ability to Benefit". Ukiingia kwenye programu maalumu inayounganisha masomo ya watu wazima na ufundi, ukafaulu mtihani wao au ukamaliza krediti sita, unaweza kupata Pell. Si kila chuo kimeufungua. Uliza kwa jina hilo hilo la Kiingereza, wataelewa.

Na onyo moja ambalo nimeona likiumiza. Ukiacha masomo yote kabla muhula haujapita asilimia 60, sehemu ya Pell inahesabiwa kuwa hukuistahili na inabidi irudi. Chuo kinakudai wewe. Mama mmoja jirani yangu aliacha wiki ya tano, mtoto alikuwa amelazwa. Hakumwambia mtu. Barua ilipokuja ilisema anadaiwa, na kanisani ikawa ushahidi mpya kwamba Pell ni deni. Laiti angepita ofisini kabla ya kuondoka, wangehesabu pamoja siku zilizobaki na kumwonyesha njia nyingine. Mkipata shida, nendeni kwanza ofisi ya misaada ya masomo, hata kwa kulia.

Kuhusu malori na kozi fupi, ambazo ndizo wanaume wengi wananiuliza: Pell ya zamani haikuzigusa, kwa sababu ilitaka programu ya angalau wiki 15 na saa 600. Ndiyo maana binamu yangu aliangukia kwenye mkopo. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imeweka Pell ya kozi fupi, za wiki 8 hadi chini ya 15, kuanzia tarehe 1 Julai 2026. Gavana ndiye anayeidhinisha kozi, na kozi lazima ionyeshe kwamba angalau asilimia 70 ya wanafunzi wanamaliza na asilimia 70 wanapata kazi. Napenda sana masharti hayo. Yangekuwepo wakati wa binamu, ile shule ingelazimika kuonyesha hesabu zake kwanza. Hata hivyo Pell ina ukomo wa maisha, sawa na mihula 12 kamili, na kozi fupi nazo zinakula humo, kwa hiyo msizichukue kama pipi.

Mimi nilimaliza Mei 2025. Nachomelea fremu za trela, zamu ya mchana, na watoto wananikuta nyumbani.

Jumamosi hii, baada ya mazoezi ya kwaya, nitakuwa tena kwenye chumba cha nyuma cha kanisa na kompyuta mbili. Mwezi uliopita tulijaza fomu tisa. Ya kijana mmoja ilikwama kwenye jina, tutaimalizia. Njooni na kadi ya hifadhi ya jamii, I-94 au kadi ya kijani, simu yenye chaji, na fomu ya kodi ya mwaka juzi. Mwenye miaka chini ya 24 aje na baba au mama, na simu ya huyo mzazi pia, maana namba za siri zinatumwa huko. Chai ipo. Wanaohofia kusaini waje wakae tu watazame, tutasoma kila mstari kwa sauti, kwa Kiswahili.